Je, Msitu wa Karura Huiletea Nairobi Mvua?

Somo la mazingira kwa wakazi na kwa shule

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko nchini Kenya, na wananchi walitakiwa kuitumia siku hiyo kupanda miti. Wakati huo mvua ya vuli ilikuwa imekwisha kuanza kunyesha kwa nguvu. Miezi mitano baadaye, Aprili 2024, mvua ya masika iliijaza mito ya Nairobi hadi maji yakaingia nyumbani mwa watu Mathare na Mukuru. Msimu ulipoisha, karibu watu 300 walikuwa wamepoteza maisha kote nchini. Na kabla ya hayo yote, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi.

Mtu akiyapanga matukio hayo kwa mstari, ni rahisi kusema kwamba nchi ilikauka kwa sababu miti ilikatwa, kisha mvua ikarudi kwa sababu miti ilipandwa. Lakini miche iliyotiwa ardhini Novemba haikuwa imefika hata magotini kufikia Aprili. Vuli ya 2023 ilikuwa nzito kwa sababu ya El Nino katika Bahari ya Pasifiki, pamoja na joto lisilo la kawaida katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wa pwani ya Afrika Mashariki.

Hata hivyo, wanaosema kwamba msitu na mvua vina uhusiano hawajakosea. Wamekosea ukubwa tu. Msitu unaweza kubadilisha upepo, mawingu na mvua, lakini inategemea una ukubwa gani na uko upande gani wa upepo. Kwa mkazi wa Nairobi jambo hili si la darasani pekee, kwa kuwa linaamua miti ipandwe wapi, fedha za umma zitumike kulinda msitu upi, na mtu atarajie nini akishapanda mti wake.

Mvua ya Nairobi hutoka wapi?

Sehemu kubwa ya mvua ya Nairobi huanza safari yake katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 400 kutoka jijini. Manahodha wa Pwani wamezijua pepo zinazoileta kwa karne nyingi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba. Zote mbili hupita juu ya maji yenye joto na kubeba mvuke. Mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na huko mawingu makubwa hujengeka. Ukanda huo wa makutano hulifuata jua. Hupita juu ya Kenya ukienda kaskazini kati ya Machi na Mei, kisha hurudi kusini kati ya Oktoba na Desemba. Misimu hiyo ndiyo masika na vuli.

Baada ya bahari huja umbo la ardhi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Embakasi uko mita 1,620 hivi juu ya usawa wa bahari. Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, ni karibu mita 1,800. Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Hewa inayotoka mashariki hupandishwa na mteremko huu kama gari linalopanda kutoka Mlolongo kwenda Kikuyu, na kila inapopanda hupoa. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi kama ilivyobeba chini, kwa hiyo mvuke hugeuka matone. Ndiyo sababu Karen, Dagoretti na Kitisuru hupata mvua nyingi kuliko Embakasi, na Limuru hupata zaidi. Ndiyo sababu pia mkazi wa Kangemi au Uthiru huweza kukaa siku nzima ya Julai chini ya wingu la kijivu na manyunyu. Hiyo ni hewa baridi ya kusi iliyokwama kwenye mteremko, na wingu lake ni jembamba mno kuleta mvua ya maana.

Hapo linazuka jambo ambalo watu wengi hulipindua. Karura, Msitu wa Ngong Road, misitu ya Dagoretti na Kinale haikuota magharibi na kaskazini mwa jiji kwa bahati. Iliota huko kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha huko tayari. Muhugu na mukinduri zilifuata maji. Uwanda wa Athi uliobaki kuwa nyasi ulibaki hivyo kwa sehemu kubwa kwa sababu hewa bado haijapanda vya kutosha inapopita pale.

Hesabu ya Karura

Msitu wa Karura una hekta 1,041. Mizizi hufyonza maji ardhini, shina huyapandisha, na majani huyaachia hewani kama mvuke kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Msitu wa nchi za joto wenye maji ya kutosha hutoa mvuke unaolingana na tabaka la maji lenye kina cha milimita 3 hadi 4 kwa siku. Kwa hesabu hii inatosha kuchukua milimita 3.

Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Kwa hivyo Karura nzima hutoa lita milioni 31 hivi kwa siku. Hayo ni malori 3,100 ya maji, ya lita 10,000 kila moja, yale yale yanayoonekana yakipanda Kilimani mifereji inapokauka.

Sasa ichukuliwe kwamba kila tone la mvuke huo lingerudi chini jioni na kunyesha sawasawa juu ya Nairobi yote, yenye kilomita mraba 696. Mvua hiyo ingekuwa na kina gani? Ukigawanya, jibu ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Haitoshi kulowesha shati lililoanikwa. Muujiza huo ukirudiwa kila siku, mwaka mzima ungeleta milimita 16 hivi, ilhali Dagoretti hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka.

Na muujiza wenyewe hautokei. Upepo wa kilomita 15 kwa saa huuchukua mvuke wa Karura hadi Limuru kwa muda wa saa mbili, kisha hewa huteremka Bonde la Ufa, na hewa inayoteremka hupata joto na kukausha mawingu yake badala ya kunyesha.

Kwa hivyo jibu la swali la kichwa cha somo hili ni hapana. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na huo ndio wenye uzito kwa wakazi wa jiji.

Maji hayageuki mvuke bure. Kuvukiza lita 1 hutumia nishati inayokaribia yuniti 0.68 za umeme, zile yuniti ambazo mtu hununua kwa tokeni. Kwa lita milioni 31, hesabu inafika yuniti milioni 21 kila siku. Hiyo ni nusu hivi ya umeme wote unaozalishwa nchini Kenya kwa siku, na wote unatumika kupoza hewa kati ya Muthaiga, Gigiri na Barabara ya Limuru. Jua ndilo linalolipa bili.

Msitu ukiondolewa na kuwekwa mabati, lami na kabro, jua halipunguzi kazi yake. Nishati ile ile huja, lakini hakuna maji ya kuvukizwa, kwa hivyo yote huenda kuzipasha joto kuta, barabara na hewa. Saruji huihifadhi hadi usiku na kuiachia polepole. Anayetembea Barabara ya Tom Mboya saa nane mchana, kisha akavuka hadi Arboretum chini ya miti, huuhisi mvuke huo kwenye ngozi yake bila kuhitaji kipimajoto. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ambayo ingeweza kukua haraka na kulisha reli kuni, na leo miti yake hufanya kazi ambayo waliopanda hawakuifikiria.

Msitu ukiwa na ukubwa wa nchi

Nishati iliyotumika kuvukiza maji haipotei. Husafiri na mvuke, na mvuke unapogeuka matone ndani ya wingu, joto lote huachiliwa huko juu. Hewa ya mle hupata joto, huwa nyepesi, hupanda zaidi, na kuvuta hewa nyingine kutoka pembeni ichukue nafasi yake. Huo mvuto wa hewa kutoka pembeni ni upepo. Katika msitu wa hekta 1,041 upepo huo haupimiki. Katika msitu wa mamilioni ya hekta, hujiunga na mzunguko wa hewa wa dunia.

Bonde la Kongo ndilo mfano wa karibu. Msitu wake wa mvua unazidi kilomita mraba milioni 1.5, na ukingo wake wa mashariki, katika Ituri, uko kilomita 800 hivi magharibi ya Nairobi. Kwa kipimo kile kile cha milimita 3 kwa siku, msitu huo huiachia hewa maji yanayoweza kujaza Bwawa la Ndakaini zaidi ya mara 60 kila siku. Maji yale yale hunyesha, hufyonzwa, huvukizwa na kunyesha tena mbele kidogo. Makadirio mengi ya sehemu ya mvua ya Bonde la Kongo inayotokana na mvuke wa bonde lenyewe huwa kati ya robo na nusu. Katika Amazon, mwanasayansi wa Brazil Eneas Salati alifuatilia jambo hilo miaka ya 1970 kwa kupima aina tofauti za oksijeni ndani ya maji ya mvua, na akaonyesha kwamba nusu hivi ya mvua ya huko ni maji yaliyokwisha kunyesha kabla.

Mbali na mvuke, msitu mkubwa huigusa hewa kwa njia nyingine mbili. Rangi yake ni ya giza, kwa hivyo hurudisha angani sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua kuliko nyasi kavu au udongo mtupu. Na vilele vyake si laini: huukwaruza upepo, huupunguza kasi na kuuvuruga, na hewa iliyovurugwa hupanda kwa urahisi. Ukikata msitu, uso wa ardhi hung'aa zaidi na kuwa laini zaidi, na mvuke hupungua. Mambo hayo matatu hayavuti upande mmoja siku zote, ndiyo maana matokeo hutofautiana. Katika jimbo la Rondônia huko Brazil, ambako maeneo mapana yamekatwa, watafiti waligundua kwamba mvua ya kiangazi ilipungua upande upepo unakotoka na ikaongezeka upande unakoelekea, kwa sababu upepo uliokuwa ukikwaruzwa na miti sasa uliteleza na kurundika mvuke mbele.

Basi Kongo inaihusu Nairobi vipi, ikiwa upepo wa kawaida hutoka mashariki? Kwa siku nyingi za mwaka haiihusu sana. Lakini zipo siku ambapo upepo wa chini hugeuka na kuvuma kutoka magharibi, ukileta hewa yenye unyevu ya Bonde la Kongo juu ya Ziwa Victoria na nyanda za juu za Kenya. Siku hizo ni chache, na mvua yake huwa kubwa kuliko kawaida. Masika ya 2018 yalikuwa mfano: mwezi Machi vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita karibu na Madagaska na kuivuta hewa ya Kongo upande huu. Msitu wa Kongo hausababishi vimbunga, lakini hewa iliyovutwa ilikuwa imeshakunywa kutoka kwa majani yake.

Utafiti wa mwaka 2012 wa Dominick Spracklen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, uliifuata hewa nyuma kwa siku kadhaa kabla haijanyesha. Katika zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya ukanda wa joto, hewa iliyopita juu ya mimea mingi ilileta mvua angalau mara mbili ya hewa iliyopita juu ya mimea michache. Mwaka 2023 kundi la chuo hicho hicho lilitumia vipimo vya setilaiti vya 2003 hadi 2017, likaonyesha kwamba ukataji misitu umekwisha kupunguza mvua katika ukanda wa joto, na kwamba athari hiyo huwa kubwa zaidi inapopimwa juu ya eneo la kilomita 200 kwa upana. Ukataji ukiendelea Kongo, walikadiria kwamba mvua ya huko itapungua kwa asilimia 8 hadi 10 kufikia mwaka 2100.

Kilomita 200 ni kipimo cha kukumbukwa. Ni zaidi ya umbali kutoka Nairobi hadi Nakuru.

Zipo nadharia zinazokwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 wanafizikia wa Urusi Anastassia Makarieva na Victor Gorshkov walipendekeza kwamba misitu ndiyo pampu inayovuta hewa ya bahari hadi ndani ya mabara. Wanasayansi wengi wa hali ya hewa hawajaikubali. Historia pia inafundisha tahadhari. Mwaka 1975 Jule Charney wa Marekani alieleza kwamba mifugo ikimaliza nyasi za Saheli, ardhi huwa nyeupe, hurudisha mwanga, hewa hupoa na kuteremka, na mvua hukatika. Maelezo hayo yalitumika kuwalaumu wafugaji kwa ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye ilidhihirika kwamba mabadiliko ya joto la bahari ndiyo yaliyouanzisha ukame ule, na hali ya ardhi iliuongezea makali tu. Vivyo hivyo Mlima Kilimanjaro, ambao huonekana kutoka Upper Hill asubuhi isiyo na ukungu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba barafu yake inakwisha kwa sababu ya miti iliyokatwa kwenye miteremko. Utafiti uliochapishwa 2012 ulipima hilo na kukuta mchango wa ukataji ni mdogo.

Jaribio lililofanyika jirani

Sehemu bora ya ushahidi wa Afrika Mashariki ilikusanywa karibu na Nairobi. Muguga, kilomita chache kupita Uthiru, ng'ambo ya mpaka wa Kiambu, kulikuwa na shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi wake, wakiongozwa na Charles Pereira, walichagua mabonde madogo pacha, wakapima maji yanayoingia kama mvua na yanayotoka kama mto, kisha wakabadilisha mimea ya bonde moja na kuliacha jingine. Kericho msitu ulifanywa shamba la chai. Kimakia, kusini mwa Nyandarua, mianzi ilibadilishwa na misonobari. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1962, na vipimo viliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Matokeo hayo yanawashangaza wengi hadi leo. Mimea mikubwa ilipoondolewa, mto wa bonde lile uliongezeka maji kwa muda, kwa sababu mnywaji mkubwa alikuwa ameondoka. Misonobari ilipokua na kufunga kivuli, na chai ilipokomaa, matumizi ya maji yalirudi karibu na yale ya zamani. Kilichotofautiana zaidi ni jinsi maji yalivyoondoka. Udongo uliofunikwa uliyameza maji na kuyaachia polepole. Udongo uliokuwa wazi wakati wa kukata uliyatupa yote kwa mkupuo, isipokuwa pale matuta na mitaro vilipojengwa kwa uangalifu.

Kwa ufupi, mti hunywa. Ni kwa sababu hiyo serikali iliagiza mwaka 2009 mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Anayepanda mikaratusi kando ya kijito cha Waithaka akitarajia kijito kijae, atapata kinyume.

Somo la Muguga linaugusa mfereji wa kila nyumba. Maji ya Nairobi hayatoki Mau, ingawa Mau ndiyo inayotajwa zaidi redioni. Mito ya Mau huenda Ziwa Victoria, Nakuru, Baringo na Natron. Maji ya jiji hutoka zaidi Nyandarua. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, hulishwa na mito Thika, Githika na Kayuyu. Sasumua na Ruiru ni mabwawa madogo zaidi ya milima hiyo hiyo. Kule juu miti hufanya kazi ambayo Karura haiwezi: ukungu wa kusi hupita katikati ya matawi, matone hunaswa na kudondoka ardhini hata siku ambayo kipimamvua uwanjani hakionyeshi kitu. Uzio wa umeme wa kilomita 400 uliokamilishwa kuizunguka Nyandarua mwaka 2009 ulianza kama ulinzi wa vifaru. Umekuwa pia ulinzi wa mifereji ya Kawangware.

Kileleshwa, kabro na mto

Kwa wadi za magharibi, badiliko kubwa la uso wa ardhi katika miaka ya karibuni halikutokea msituni. Limetokea Kileleshwa, Kilimani na Lavington, ambako nyumba moja katikati ya bustani ya nusu ekari imeipisha fleti za ghorofa nyingi, na bustani imekuwa maegesho ya kabro. Hakuna aliyekata msitu pale kwa maana ya sheria. Lakini miti ilikuwepo, na udongo ulikuwepo.

Mvua ya milimita 10 juu ya hekta moja ni lita 100,000. Juu ya Karura yote ni lita milioni 104. Sehemu kubwa ya maji hayo huingia kwenye majani makavu, mizizi na mashimo ya wadudu, na mito Ruaka, Gitathuru na Karura huyapokea taratibu. Mvua hiyo hiyo juu ya paa na kabro hufika mtaroni kwa dakika chache, ikiwa na chupa na matope. Maji ya vitongoji vya magharibi huteremka kwenda mashariki, kwa kuwa huko ndiko ardhi inakoinama. Anayefunika ua wake Lavington hapeleki mafuriko kwake. Anayapeleka chini, kwa anayeishi kando ya mto. Aprili 2024 wa kando ya mto ndio waliolipa, kwanza kwa maji na baadaye kwa nyumba zilizobomolewa kwenye kingo.

Karura yenyewe nusura iwe ploti. Ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti langoni walipigwa na kujeruhiwa. Msitu wa Ngong Road haukupata bahati kama hiyo: ulipotangazwa mwaka huo huo wa 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900, na leo umebaki na 1,200 hivi, barabara ya Southern Bypass ikipita ndani yake.

Lengo la kitaifa ni miti bilioni 15 na asilimia 30 ya nchi kufunikwa na miti ifikapo 2032. Tathmini ya 2021 iliikuta Kenya ikiwa na asilimia 12.13. Tofauti hiyo ikizibwa kweli, hilo litakuwa badiliko la ukubwa ambao hewa huutambua, hasa katika nyanda za juu. Sehemu ya Nairobi katika hesabu hiyo ni ndogo mno kuonekana mawinguni. Inaonekana kwenye joto la barabara, na kwenye kimo cha maji mtoni saa moja baada ya mvua.

Jaribio la nyumbani na la shule

Chagua tawi lenye majani mabichi kwenye mti ulio juani. Asubuhi, liingize ndani ya chupa kubwa ya plastiki inayopitisha mwanga, uzibe mdomo wa chupa kwa kitambaa. (Zamani masomo kama haya yalitumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017.) Funga chupa nyingine tupu kando yake bila tawi. Saa saba mchana linganisha matone yaliyomo ndani ya kila chupa. Rudia kwa mti wa aina nyingine, ukianza na mukinduri kisha mkaratusi.

Kwa kupima mvua, chukua mkebe wenye kuta zilizonyooka, uuweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na kila siku saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, kwa milimita. Andika pia upepo unakotoka, kwa kutazama moshi au bendera ya shule, na ukubwa wa wingu. Anza tarehe 1 Machi ili masika yote yaingie. Shule ya Mutuini na ya Parklands zikipima siku zile zile, baada ya msimu zibadilishane madaftari na kutafuta siku ambazo upepo ulitoka magharibi.